Pumzi na Kupumzika katika Umri wa Makamo

Atakayelichunguza neno letu la kila siku "kupumzika" ataona kwamba ndani yake limo neno "pumzi". Waliotuachia lugha hii hawakuwaza kwanza kitanda wala likizo. Walimwaza mtu aliyetua mzigo, akangoja pumzi imrudie. Hata neno "kituo" limetokana na kutua. Lugha ya Kiebrania nayo yafanya vivyo hivyo, kama nitakavyoonyesha hapa chini. Nia ya makala hii ni kueleza kwa nini pumzi iendayo taratibu, pamoja na vituo vifupi vya dakika moja au mbili katikati ya kazi, huweza kumpunguzia mtu wa makamo msongo wa kila siku. Tena kueleza mahali ambapo msaada huo hukoma. Nawaandikia hasa wachungaji, wainjilisti na walimu wenzangu, ambao huitumia pumzi mchana kutwa wala hawaikumbuki mpaka iwapungukie.

Mimi mwenyewe niliingia katika jambo hili kwa aibu kidogo. Miaka mitatu iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 44, nilimsindikiza mama yangu mzazi kliniki. Mgonjwa alikuwa yeye. Muuguzi, mama mtu mzima, alipomaliza kumpima shinikizo la damu alinitazama akasema, "Baba Mchungaji, hebu nawe nyosha mkono." Kipimo kikaonyesha 158 juu ya 102. Akaniuliza kama nimekuja nikikimbia. Sikukimbia, ila nilikuwa nimepanda kilima kutoka kituo cha basi huku nikibishana kwa simu na fundi juu ya fedha za mabati. Basi akaniketisha katika kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, mkono mezani, akaniamuru nisiseme neno kwa dakika 5. Kipimo cha pili kilikuwa 144 juu ya 94. "Hii ya pili ndiyo naiandika," alisema, "lakini ile ya kwanza ndiyo unayotembea nayo."

Baadaye daktari alinianzishia dawa, nami nazinywa mpaka leo. Lakini kilichonisumbua njiani tukirudi hakikuwa zile tarakimu, bali zile dakika 5. Sikuweza kukumbuka ni lini tena, nikiwa macho, nilikaa dakika 5 bila kusema, kusoma, kuandika wala kumsikiliza mtu. Na juma lile lile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu amri ya tatu.

Ujana una mizigo yake, lakini aghalabu huja mmoja mmoja. Katika umri wa makamo mizigo huja kwa pamoja, tena kutoka pande mbili. Wazazi wamezeeka na wanahitaji kupelekwa hospitali; watoto wako sekondari na vyuoni, na ada zao zina tarehe. Kazini, wewe uliyekuwa kijana jana, leo ndiwe mwenyekiti wa kamati. Katika ukoo, akifariki mtu, simu ya kwanza yapigwa kwako. Ikipangwa harusi, kadi ya mchango yaletwa kwako. Isitoshe, mwili wenyewe umeanza kudai haki zake: usingizi umekuwa mwepesi, magoti yanalalamika, maandishi ya Biblia yamekuwa madogo. Mchungaji ana mzigo mmoja zaidi, maana hubeba siri za watu asizoweza kumsimulia hata mwenzi wake wa ndoa.

Katika hayo yote hakuna simba anayemfukuza mtu. Lakini mwili haupambanui vizuri kati ya simba na kikao. Mwaka 1915 Walter Cannon, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa ama kupigana ama kukimbia: moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, kazi ya tumbo husimama. Mwaka 1936 Hans Selye, aliyefanya uchunguzi wake kwa panya huko Montreal nchini Kanada, alionyesha kwamba mwili huyaitikia madhara ya aina nyingi kwa namna moja inayofanana. Hayo ni maandalio mema, nasi tumeumbwa nayo. Swala akiisha kumponyoka simba hurudi malishoni na mwili wake hutulia. Lakini mwenyekiti wa kamati hawezi kumpiga mtunza hazina wala kukimbia kikao. Huketi, hutabasamu, huku mwili wake ukiwa umejipanga kwa vita visivyopiganwa. Na akitoka hapo huingia katika kikao kingine. Jioni hufika nyumbani na silaha zote mkononi. Kwangu aliyepigwa kwa silaha hizo alikuwa binti yangu wa kidato cha tatu. Nilikuja kutambua kwamba alikuwa ameacha kuniomba chochote moja kwa moja. Maombi yake yote yalipitia kwa mama yake.

Sasa tuitazame pumzi yenyewe. Kazi nyingi za ndani ya mwili huongozwa na neva ambazo haziko chini ya amri yetu. Neva hizo zina pande mbili: upande mmoja huamsha na kuharakisha, wa pili hutuliza na kujenga. Huwezi kuuamuru moyo upige polepole, wala tumbo lisage chakula, wala mishipa ya damu ilegee. Lakini pumzi ina hali ya peke yake. Mtu alalapo huenda yenyewe. Aamkapo, akipenda, humtii. Ni kama mlango wenye vipini viwili, kimoja ndani na kimoja nje, na kwa kipini hiki cha nje tunaweza kuifikia nyumba ambayo vyumba vyake vingine vyote vimefungwa.

Msomaji aweza kulihakikisha jambo hili sasa hivi. Aweke vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Wengi wataona kwamba moyo huharakisha kidogo hewa iingiapo, na kupunguza mwendo hewa itokapo. Sababu yake ni neva ndefu iitwayo vagasi, ishukayo kutoka katika ubongo hadi moyoni na tumboni. Wakati wa kuvuta hewa utulizaji wake hupungua, na wakati wa kuitoa hurudi. Kwa hiyo anayetaka kutulia asishughulike sana na kuvuta hewa nyingi, bali airefushe ile itokayo. Hapa ndipo wengi hukosea. Tukimwambia mtu "vuta pumzi", huinua mabega na kujaza kifua kama anayetaka kupiga mbizi, kisha hurudia haraka haraka. Akifanya hivyo kwa muda, hewa ya ukaa hupungua mno katika damu, naye huona kizunguzungu na ganzi vidoleni na kuzunguka midomo, akadhani anakufa. Lugha yetu ilikuwa sahihi zaidi iliposema "kushusha pumzi".

Namna niliyoizoea ni hii. Naketi au nasimama, mabega yamelegea. Navuta hewa kwa pua kwa hesabu ya 4, tumbo likijaa kabla ya kifua. Naitoa kwa hesabu ya 6, bila kusukuma. Hesabu moja ikiwa sawa na sekunde, pumzi moja ni sekunde 10, na pumzi 6 ni dakika moja. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo mwendo huu ni nusu ya kawaida au pungufu ya nusu. Asiyeweza kufika 6 aanze na 3 na 4; hesabu si sheria ya Musa.

Kuna habari moja ya utafiti ambayo naipenda kwa sababu inagusa ibada. Desemba 2001 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia nchini Italia pamoja na wenzake walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya uchunguzi wa watu 23. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno yanayorudiwa katika yoga. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka ikafika karibu mara 6 kwa dakika, na uwezo wa mwili wa kusawazisha shinikizo la damu ukaongezeka. Sisi Walutheri hatusali rozari, wala simshawishi mtu aanze. Ninachokiona hapa ni kwamba sala ya kuitikizana, isiyoharakishwa, inayomlazimu mtu kusema kifungu kizima kwa pumzi moja na kungoja mwenzake aseme chake, ilikuwa ikiutuliza mwili kwa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwa na chombo cha kupimia. Litania yetu ina umbo lilo hilo. Hata nyimbo zetu za kale za Kijerumani zina alama ya nusu duara yenye nukta mwishoni mwa kila mstari, ambapo usharika hutua na kuvuta pumzi. Vijana wetu wa kinanda huziruka alama hizo kana kwamba ni vumbi juu ya karatasi.

Hivi karibuni zaidi, mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa matokeo ya jaribio la mwezi mmoja lililohusu watu zaidi ya 100, kila mmoja akitumia dakika 5 kwa siku. Kundi lililofanya zoezi la kushusha pumzi, yaani kuvuta hewa mara mbili mfululizo kwa pua na kuitoa polepole kwa kinywa, lilipata uchangamfu wa moyo kuliko kundi lililoketi likitazama tu mwenendo wa pumzi zake bila kuubadilisha. Kuhusu wasiwasi, makundi yote yalipata nafuu.

Ndugu mmoja aliwahi kuniuliza kama mambo haya hayatupeleki kwenye dini za mashariki. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba pumzi si mali ya dini yoyote. Ni ya Muumba. Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, inapoeleza kifungu cha kwanza cha Imani, hutufundisha kuuhesabu mwili na viungo vyake kuwa vipaji vya Mungu. Anayekitunza kipaji hicho haabudu pumzi, kama vile anywaye maji haabudu mto.

Nilisema kwamba Kiebrania kinafanana na Kiswahili. Wengi wetu tulijifunza chuoni maneno "ruaki" na "neshama", nayo yamehubiriwa sana. Lililo muhimu kwetu hapa ni "nefeshi", ambalo Biblia zetu hulitafsiri kuwa nafsi, lakini ambalo pia lina maana ya koo na pumzi ipitayo humo. Kutokana na shina lake kuna kitenzi chenye maana ya kupata tena pumzi, nacho chaonekana mara 3 tu katika Agano la Kale lote. Mara moja ni katika Kutoka 31:17, ambapo Mungu mwenyewe, baada ya kuumba, alipumzika siku ya saba. Mara nyingine ni katika Kutoka 23:12, katika sheria ya Sabato. Ya tatu ni katika 2 Samweli 16:14, na hiyo ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, kwa kuwa aliyepata pumzi hapo ni mtu mwenye matatizo ya makamo.

Daudi hakuwa kijana tena. Alikuwa na wana watu wazima, na mmoja wao, Absalomu, alikuwa amemwasi, hata mfalme ameuacha mji wake kwa miguu. Njiani, huko Bahurimu, akatokea Shimei mwana wa Gera, akawa anaandamana naye ubavuni mwa mlima akimlaani, akimtupia mawe na mavumbi. Abishai aliomba ruhusa akamkate kichwa. Daudi akakataa, akaendelea na safari, na matusi yakaendelea. Ndipo mwandishi anasema kwamba mfalme na watu wote waliokuwa pamoja naye walifika wakiwa wamechoka, akapata pumzi huko. Hakuna zaidi ya hilo. Vita havijaisha, Absalomu yu Yerusalemu, msiba mkubwa zaidi wa baba huyu bado uko mbele. Mwandishi hasemi kwamba pumziko lile lilitatua jambo lolote. Lakini aliona vema kuliandika, na akatumia kitenzi kile kile kilichotumika kwa Mungu siku ya saba. Tumezoea kumhubiri Eliya chini ya mretemu, nami sina neno juu ya Eliya. Ila kwa mchungaji aliyetoka kutukanwa kikaoni, Daudi yu karibu zaidi.

Katika historia ya kanisa letu upo mfano mwingine. Tarehe 6 Julai 1527 Martin Luther alizimia nyumbani kwake Wittenberg, baada ya kuvumiwa vikali sikioni. Alikuwa na miaka 43. Mwaka huo huo tauni iliingia mjini, chuo kikuu kikahamia Jena, naye akabaki pamoja na Bugenhagen kuwahudumia wagonjwa, mkewe akiwa mjamzito na mtoto wao Hans akiugua. Miaka mitatu baadaye, Mei 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, alimwandikia Melanchthon aliyekuwa akijichosha huko Augsburg kwa kuandika Ungamo, akamhimiza autunze mwili wake, kwa kuwa hata kwa kupumzika Mungu hutumikiwa. Mwandishi wa barua hiyo mwenyewe alikuwa akisumbuliwa na kichwa kwa ajili ya kazi nyingi. Sisi wachungaji ni hodari kuandika barua za namna hiyo.

Basi vituo hivi viwekwe wapi? Nilijaribu kwanza kutenga nusu saa kila alfajiri, nikashindwa kabla juma halijaisha, maana alfajiri ya mtu wa makamo tayari ina wenyewe. Kilichodumu ni kuvitia vituo mahali ambapo siku ina maungio: kati ya darasa na darasa, kabla ya kufungua rundo la mitihani, simu inapolia, kuiacha ilie mara mbili huku nikishusha pumzi moja ndipo niipokee, katika sakristia, baada ya kuvaa kanzu, kabla mzee wa kanisa hajaleta matangazo ya dakika ya mwisho, na langoni pa nyumba, kabla ya kuingia. Pumzi 6 kila mahali. Kwa siku nzima haizidi dakika 10. Hapo langoni ndipo nilipoona matunda ya kwanza. Sikuwa mpole kwa ghafula, lakini niliingia ndani nikiwa nimeacha nje angalau ile hasira isiyowahusu walio ndani. Baada ya miezi kadhaa binti yangu alinijia mwenyewe na karatasi ya ada ya mtihani. Hakusema kitu juu ya mabadiliko yoyote, wala mimi sikumwuliza.

Imenipasa pia kutaja mipaka. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, na kujisikia vizuri si kipimo. Asiache mtu dawa zake kwa sababu amejifunza kupumua. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika bila sababu, udhaifu wa ghafula wa upande mmoja wa mwili, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo. Huzuni isiyoondoka kwa majuma, usingizi uliopotea kabisa, fikira za kujidhuru, hayo nayo yanahitaji mtu wa kusema naye na mara nyingi tabibu. Pumzi 6 si jibu lake. Na mchungaji mwenye mitaa minane na baiskeli moja ana haki ya kudai msaidizi, siyo kufundishwa kuvuta hewa. Kituo kifupi kisitumiwe na wakubwa kama kisingizio cha kuacha mzigo pale pale ulipo.

Hili lanirudisha kwenye Kutoka 23:12. Hapo wanaopata tena pumzi si mwenye nyumba. Ng'ombe na punda wametajwa kuwa wastarehe, kisha kitenzi chetu chatumika kwa mwana wa mjakazi na kwa mgeni. Nilikuwa nimelifundisha andiko hilo mara nyingi. Kumbe pale langoni, nilipokuwa nikizima pikipiki na kuhesabu pumzi zangu, msichana anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa ameshausikia mlio wake, ameacha sufuria mekoni, naye amesimama upande wa ndani ameshika komeo, akingoja nibishe hodi. Alikuwa akifanya hivyo kila jioni. Siku nilipogundua nilimwuliza yeye hupumzika saa ngapi. Alicheka, akasema, "Baba, mimi nikipumzika, geti atafungua nani?"

Siku hizi nina ufunguo wangu wa geti, naye kuanzia saa nane mpaka saa tisa na nusu mchana haitwi na mtu.